Usiseme Kompyuta ya Gari Imekufa Kabla ya Kupima Waya

Najua nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa, na wengine wenu mmeniuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa chini ya dashibodi ya Probox, na kusema kweli nilikuwa naona haya kuandika kabla mambo hayajaisha. Sasa yameisha. Leo nawaletea kisa cha aibu yangu mwenyewe, na baada yake maoni ambayo baadhi ya mafundi, na baadhi ya waandika programu wenzangu, huenda wasiyapende.

Mjomba wangu ana Toyota Probox ya petroli, injini ya 1NZ, gia za mkono. Anabeba abiria na mizigo kati ya hapa Nchiru na mjini Meru, mwendo wa kilomita kama 15, na siku za soko anafika mpaka Maua. Anayeijua barabara hii anajua kwamba Probox kwetu ni kama shamba la pili. Likilala, nyumba nzima inajua.

Jumatatu moja asubuhi likakataa kuwaka. Starta inazunguka vizuri, injini haishiki. Nikaitwa mimi, kwa sababu katika ukoo wetu mimi ndiye "mtu wa kompyuta". Nina digrii ya sayansi ya kompyuta, kuandika programu ndiyo kazi inayonilisha, na tena ninacho kile kifaa kidogo cha Bluetooth kinachochomekwa chini ya usukani ili simu isome makosa ya gari. Nikachomeka. Simu ikasema haiwezi kuwasiliana na ECU, yaani kompyuta ya injini. Nikajaribu mara tatu, jibu lile lile. Nikainuka, nikajipangusa magoti, nikatamka kwa sauti ya daktari bingwa: "Mjomba, kompyuta ya injini imekufa."

Akaniuliza swali moja tu: "Una hakika, mwanangu?"

Nikamjibu kwamba nina hakika.

Jibu hilo lilimgharimu shilingi 22,000. Kompyuta ya mtumba tuliipata Nairobi, Barabara ya Kirinyaga, kwa 18,000. Zilizobaki zilikwenda kwa nauli na kwa kijana aliyeifunga. Fedha hizo zilikuwa zimewekwa kando kwa karo ya binti yake. Na kwenye risiti palikuwa na ule muhuri mnaoujua: vifaa vya umeme vikishauzwa havirudishwi.

Tukaifunga kompyuta mpya. Starta inazunguka, injini haishiki. Nikachomeka kifaa changu. Hakuna mawasiliano.

Hebu tulieni hapo kidogo. Kompyuta mbili, zimetoka kwenye magari mawili tofauti, zinakosea kwa namna ile ile zikiwa ndani ya gari moja. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angewaambia kwamba kosa haliko kwenye kompyuta, liko kwenye gari. Lakini mimi, mwenye digrii, nilianza kusema labda hii nayo imekufa!

Mzee na mita yake

Mjomba akachoka nami, akamwita mzee mmoja fundi wa umeme wa magari ambaye hana skana hata moja. Alikuja na mita ya kupimia volti, taa ya kupimia waya, na miwani iliyofungwa kwa uzi. Kabla ya kugusa chochote akauliza maswali mawili.

La kwanza: "Gari hili lilifanyiwa nini mara ya mwisho?" Mjomba akakumbuka kwamba majuma mawili nyuma giaboksi lilishushwa ili klachi ibadilishwe.

La pili: "Mkifungua swichi bila kupiga starta, ile taa ya injini kwenye dashibodi inawaka?" Tukafungua swichi. Taa ya mafuta ikawaka, ya betri ikawaka, ya injini haikuwaka. Siku zote hizo sikuwa nimeitazama.

Wasomaji wangu, swali lile la kwanza ndilo swali la kwanza katika kazi yangu mimi. Mfumo uliokuwa unafanya kazi jana ukianguka leo, unauliza: nini kimebadilika? Nimewafundisha vijana kazini kuuliza hivyo. Kwenye gari la mjomba nilisahau, kwa sababu nilikuwa na kifaa kinachong'aa mkononi.

Na lile la pili ni muhimu zaidi. Taa ya injini huwashwa na kompyuta yenyewe. Ukifungua swichi inapaswa kuwaka, halafu injini ikishika inazima. Isipowaka kabisa, na glopu ni nzima, basi kompyuta haiko macho. Lakini kutokuwa macho si kufa. Huenda haipati umeme wa betri, huenda waya wake wa ethi umeachia, au huenda ule umeme mdogo wa volti 5 umevutwa chini.

Hizi volti 5 ni nini? Kompyuta ya injini hupokea volti 12 za betri, kisha ndani yake hutengeneza volti 5 safi na kuzituma kwa baadhi ya sensa, kama ile ya throto na ile ya presha ya hewa. Sensa kadhaa hunywa kutoka mfereji mmoja. Waya huo ukigusa bodi ya gari, yaani ukipiga shoti, volti 5 zinaporomoka, na katika Toyota nyingi ubongo wa kompyuta unazimika pamoja nazo. Toyota wenyewe wameliandika jambo hili katika vitabu vyao vya ufundi: waya huo ukipiga shoti, gari haliwaki na taa ya injini haiwaki. Skana nayo itasema nini? Hakuna mawasiliano.

Mzee akapima. Betri: 12.5. Umeme unaoingia kwenye kompyuta: upo. Ethi: nzuri. Plagi ya sensa ya throto, mahali pa volti 5: karibu sifuri. Akaanza kuchomoa sensa moja baada ya nyingine huku akitazama mita. Ingekuwa sensa iliyoungua ndani, volti zingerudi mara tu inapochomolewa. Hazikurudi. "Basi ni waya wenyewe," akasema, akaingia chini ya gari.

Fungu la nyaya linalopita juu ya giaboksi halikuwa limerudishwa kwenye kishikio chake baada ya kazi ya klachi. Lilikuwa limelalia ukingo wa bati, na kwa majuma mawili ya matuta na mashimo bati lilikuwa limekata plastiki ya waya mmoja hadi shaba. Akauinua kwa kidole. Mita ikaruka hadi 5. Taa ya injini ikawaka.

Ila kisa hakikuishia hapo. Tulipopiga starta, injini bado haikushika! Sasa skana yangu ikawasiliana bila shida, na kosa lililotokea lilikuwa B2799, ambalo kwa Toyota ni la imobilaiza, ule ulinzi wa wizi unaotaka kuujua ufunguo. Kompyuta tuliyonunua ilitoka kwenye gari lenye ulinzi huo, na gari la mjomba halina. Ilikuwa inasubiri ufunguo ambao huenda bado uko Japani. Tukarudisha ile kompyuta ya zamani, ile niliyoitangazia kifo. Injini ikashika mara moja.

Mzee alitoza shilingi 1,500.

Kwa nini tunaikimbilia kompyuta?

Maoni yangu ni haya: kompyuta ya injini ndiyo inayosingiziwa kuliko kifaa kingine chochote garini, na inasingiziwa kwa sababu hatuioni ndani. Koili tunaiona ikitoa cheche. Pampu ya mafuta tunaisikia. Kompyuta ni kisanduku cha bati kilichonyamaza, kwa hivyo kila tulichoshindwa kukieleza tunakitupa humo.

Wala si kitu kigeni. Volkswagen 1600 ilipata mfumo wa umeme wa kunyunyizia petroli, uliotengenezwa na Bosch, mwaka 1967. Kuanzia 1996 Marekani ilitaka magari mapya ya abiria yawe na mfumo mmoja wa kusoma makosa, ule uitwao OBD-II, na Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Hapa kwetu magari mengi huingia yakiwa yametumika, kutoka Japani, kwa sharti kwamba yasizidi miaka 8. Kwa hivyo kila mwaka tunapokea kompyuta nyingi zenye magurudumu. Lakini michoro ya nyaya haiji nazo. Gari linapanda meli, kitabu kinabaki.

Anayekosa kitabu hubahatisha. Fundi anabahatisha kwa kubadilisha kifaa baada ya kifaa hadi tatizo liondoke au fedha za mteja ziishe. Sisi wa programu tunabahatisha kwa kuamini ujumbe wa kosa. Tofauti ni kwamba sisi tunabahatisha kwa Kiingereza kizuri.

Namba ya kosa si hukumu. P0335, kwa mfano, haisemi kwamba sensa ya krenki imekufa. Inasema saketi ya sensa hiyo ina tatizo, na saketi ni sensa, plagi, nyaya, na hata kompyuta yenyewe. Namba ambazo kompyuta hujishuku nazo yenyewe zipo: P0601 inahusu kumbukumbu yake ya ndani, P0606 inahusu prosesa yake. Hata hizo unazipa muda baada tu ya kupima betri na ethi. Na "hakuna mawasiliano" hata si namba ya kosa. Ni kimya tu. Mimi nilikisoma kimya kama cheti cha kifo.

Je, kompyuta hazifi kabisa?

Zinakufa. Sitaki mtu aondoke hapa akidhani nasema haziharibiki. Agosti 2010 Toyota iliita magari zaidi ya milioni 1 ya Corolla na Matrix huko Marekani na Kanada, kwa sababu kompyuta zao za injini zingeweza kupata nyufa kwenye solda au kwenye kijisehemu cha kulinda saketi, na gari likazima. Hilo lilikuwa kosa la kompyuta hasa, si waya.

Lakini mara nyingi kompyuta huuawa na kitu kingine: maji yaliyoingia chini ya dashibodi, betri iliyofungwa kinyume, gari lililochomelewa kwa umeme bila kutoa waya wa betri, gari la volti 12 lililowashwa kwa lori la volti 24, koili au injekta iliyopiga shoti. Ndiyo maana hata ukithibitisha kwamba kompyuta imeungua, swali halijaisha. Uliza: nini kimeiua? Usipompata muuaji, ataua na ile mpya.

Kwa anayelazimika kubadilisha kweli, nayasema haya kwa kifupi. Namba iliyo kwenye kibandiko, ambayo kwa Toyota mara nyingi huanza na 89661, ifanane yote hadi tarakimu ya mwisho, si ile ya mwanzo tu. Gia za mkono na gia za otomatiki hazishiriki kompyuta hivi hivi. Uliza kama gari ilikotoka lilikuwa na imobilaiza. Ikiwa lako lina ulinzi huo, jua mapema nani atazifundisha kompyuta na funguo kujuana. Katika baadhi ya Toyota kitabu kinaeleza njia ya kuzisajili upya bila kifaa cha bei kubwa. Katika nyingine fundi wa elektroniki huhamisha ile chipu ndogo ya kumbukumbu, yenye miguu minane, kutoka bodi ya zamani hadi mpya. Na kabla ya kuchomoa plagi yoyote ya kompyuta, toa kwanza waya hasi wa betri.

Watakaonipinga

Fundi mmoja kijana ameshanipinga. Anasema kubadilisha kifaa ni njia ya haraka ya kupima, na gereji kubwa zinafanya hivyo. Nakubaliana naye nusu. Kuazima kompyuta unayojua ni nzima, kutoka gari lililo sawa na lako kwa kila namba, baada ya kuhakikisha hakuna shoti itakayoiua, ni kipimo. Ikishindwa unairudisha na umejifunza kitu. Kununua kitu kisichorudishwa kwa karo ya mtoto si kipimo. Ni kamari, na anayecheza si yule anayelipa.

Wengine wanasema watengenezaji wana haki ya kuficha michoro yao kwa sababu ya wezi. Hapo sikubali hata kidogo. Siri za ufunguo na zilindwe. Lakini mchoro unaonyesha kwamba waya fulani unabeba volti 5 kutoka hapa hadi pale haumsaidii mwizi kitu. Unamsaidia mzee mwenye mita. Mwaka 2012 jimbo la Massachusetts kule Marekani lilipitisha sheria inayowalazimu watengenezaji kuwapa mafundi wa kujitegemea taarifa za ukarabati wanazowapa gereji zao wenyewe. Magari hayakuibwa yakaisha huko.

Na tusidanganyane kwamba kilichofungiwa ndani ya kompyuta hizi ni kitakatifu. Mwaka 2015 dunia iligundua kwamba programu ndani ya magari ya dizeli ya Volkswagen ilitambua gari linapopimwa moshi, ikajifanya safi, kisha ikarudi kuchafua hewa barabarani. Magari kama milioni 11 duniani kote. Programu ya gari huandikwa na watu kama mimi, na watu kama mimi hukosea, na mara nyingine hudanganya. Kitu kama hicho kinahitaji macho mengi yanayoweza kukikagua.

Tufanye nini hapa kwetu?

Hapa Nchiru tuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilichopewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2013. Mjini Meru kuna Meru National Polytechnic. Kutoka kimoja hadi kingine ni nauli ya matatu tu. Upande mmoja wako vijana wanaoweza kusoma itifaki ya mawasiliano na kuandika programu ya kuichambua. Upande wa pili wako vijana wanaojua kushusha injini na kuirudisha. Na kando ya barabara kati yao wako wazee kama yule wa mita, ambao hawana cheti cha yeyote kati ya hao wawili, na ndio wanaotuwasha magari asubuhi.

Sidai mradi mkubwa wala kongamano lenye chai na vitenge. Nadai jambo dogo. Mwanafunzi wa kompyuta atakayegusa gari aanze na mita kabla ya skana. Mwanafunzi wa magari afundishwe kusoma mchoro wa nyaya kama tunavyofundishwa sisi kusoma programu. Na wote wawili wakae siku kadhaa kwenye gereji ya kando ya barabara, wakinyamaza, wakitazama jinsi mtu anayemiliki vifaa vitatu anavyofikiri. Kile alichokifanya mzee yule, kuchomoa sensa moja moja huku akitazama mita, ndicho tunachokiita kutenga kosa katika programu. Alikijua bila darasa letu. Mimi nilikuwa na darasa, na sikukitumia.

Kwa upande wangu nimeanza na deni. Nimekubaliana na mjomba nimrudishie 3,000 kila mwezi hadi zile fedha zitimie, na binti yake karo yake nimeilipa kwanza. Mjomba hakunidai. Alisema tu, "Kijana wangu, siku nyingine ukisema una hakika, niambie umepima nini." Sijawahi kupewa funzo la kazi yangu kwa maneno machache namna hiyo.

Ile kompyuta ya Nairobi iko mezani kwangu ninapoandika haya. Ni nzima kabisa, haina kosa lolote. Nimeibandika karatasi yenye maandishi: NINI KILIBADILIKA?

Haya, tuonane tena. Aliye na gari lililokataa kuwaka aniandikie, nitasaidia kadiri ninavyoweza. Ila usinianzie na habari ya kompyuta. Niambie kwanza: ukifungua swichi, taa ya injini inawaka?